Kumtafuta Babu Aliyekuwa Afisa wa Jeshi Scotland: Anzia Kaburini, Halafu Fuata Hela

Kwa mama mkwe wangu kuna kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti miaka mingi. Ndani kuna kitufe cha shaba cha sare chenye namba 78, picha ya mzee wa masharubu aliyekaa utadhani anasubiri kuapishwa, na bahasha tupu yenye stempu ya India. Hadithi ya familia ni kwamba huyo mzee alikuwa kanali na alipigana kila mahali, kila mahali ndo wapi hakuna anayejua. Mimi mtu wa Tanga nimeolewa huku Scotland, mama mkwe ni kitukuu chake, kwa hiyo wanangu ni vilembwekeza vya huyo mzee, na siku mmoja wao aliponiuliza bibi anasema tuna kanali, ni kweli? nikasema ngoja nitafute, nikidhani ni kazi ya wikiendi moja. Ilikuwa miezi minane. Nakuandikia nilivyofanya ili wewe usipoteze muda na hela nilizopoteza mimi.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: afisa hatafutwi kama askari wa kawaida. Askari wa kawaida jeshi lilimwandika lilipomchukua, urefu wake, rangi ya macho, kijiji chake. Afisa wa zamani hizo alikuwa bwana mkubwa, jeshi halikuhitaji kumpima kifua. Cheo chake mara nyingi alikinunua kwa pesa taslimu, tena kihalali kabisa, mpaka mwaka 1871 ulipofutwa ule utaratibu. Kwa hiyo nyayo zake ziko kwenye magazeti ya serikali, kwenye wosia, kwenye karatasi za ardhi na barua za kuombea cheo. Ukienda moja kwa moja kwenye mafaili ya wanajeshi waliostaafu utakaa humo mpaka uzeeke.

Hatua ya 1: Kamua wazee kwanza

Kaa na wazee wa familia, rekodi kwa simu, usiwakatize hata wakitia chumvi. Piga picha vitu vyote mbele na nyuma, hasa picha za zamani za kadi ngumu, maana mgongoni mwake mara nyingi kuna chapa ya studio na mji ilipopigwa. Yetu ilikuwa na chapa ya Inverness, na hiyo ndo ilinipa pa kuanzia kuliko hadithi zote za vita.

Andika hadithi kama zilivyosemwa, pembeni weka alama ya kuuliza. Usizifute ukiona zinapishana na karatasi, utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 2: Kitufe kinasema nini

Mpaka 1881 vikosi vya askari wa miguu vya Uingereza vilijulikana zaidi kwa namba, mwaka huo ndo vikaunganishwa viwiliviwili na kupewa majina. Hapa watu wengi wanapotea kwa sababu wanatafuta jina la leo. Kwa vile vya Scotland, 42 ndo Black Watch, ikaungana na 73. Namba 72 na 78 zikawa Seaforth Highlanders. Namba 75 na 92 zikawa Gordon Highlanders, 91 na 93 zikawa Argyll and Sutherland, 71 na 74 zikawa Highland Light Infantry, na 79, yaani Cameron, ikabaki peke yake. Hivi nilivyovitaja vikaja kuunganishwa tena na tena mpaka 2006 vikawekwa chini ya Royal Regiment of Scotland, kwa hiyo kama babu alikuwa kwenye kimojawapo ukauliza kiko wapi leo, jibu ni hilo moja tu.

Kitufe changu cha 78 basi kikanipeleka kwenye kikosi kilichoundwa 1793 na mkuu wa ukoo wa Mackenzie wa Seaforth, kikosi ambacho mwaka 1857 kilitoka vitani Uajemi kikaingia India na kupigana mpaka Lucknow. Nikafurahi hapo, nikadhani nimeshamaliza. Kitufe lakini si ushahidi, kitufe mtu anaweza kununua mnadani au kurithi kwa shemeji. Na Mskoti si lazima awe kwenye kikosi cha Scotland, alinunua cheo palipokuwa na nafasi, hata kama ni kikosi cha Waingereza au Waairishi. Na Waskoti kibao hawakuwa kabisa kwenye jeshi la mfalme, walikuwa kwenye jeshi la kampuni ya East India ambalo karatasi zake zinakaa kwingine, British Library kule London, kwenye fungu la India Office. Vijana wa kampuni waliomba nafasi kwa karatasi zilizoambatana na cheti cha ubatizo, na hizo zipo kuanzia 1789 hadi 1860, ni hazina kubwa kama babu yako ni wa huko.

Hatua ya 3: Anza na kifo

Najua kila mtu anataka kuanza na kuzaliwa. Acha. Kwa Scotland anza na kifo, na nitakwambia sababu.

Serikali ya Scotland ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855, na cheti cha kifo cha Scotland kina kitu ambacho cha England ya wakati huo hakina: majina ya baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la kwao kabla ya kuolewa, na kazi ya baba. Yaani mtu aliyezaliwa 1790 akafa 1860, karatasi moja inakurudisha mpaka kwa wazazi wake wa karne ya kumi na nane. Ukibahatika ukoo wako ukawa na mtu aliyekufa mwaka wenyewe wa 1855 ndo umeokota dodo chini ya mnazi, fomu ya mwaka ule ilikuwa na maswali mengi mno, watoto wake wote na umri wao, alipozaliwa, alipozikwa. Makarani wakachoka, mwaka uliofuata wakapunguza.

Vyote viko kwenye saiti inaitwa ScotlandsPeople, ya serikali yenyewe. Kufungua akaunti bure, kutafuta kwenye orodha bure, unacholipia ni kuiona picha ya ukurasa. Unanunua krediti, mimi nilinunua 30 kwa pauni 7.50 na ukurasa mmoja ulikula 6. Kwa faragha picha za mtandaoni zinaonyesha vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa zaidi ya 75, vifo zaidi ya 50. Ukiwa Edinburgh kuna kituo chao pale General Register House mwisho wa Princes Street, unalipa kiingilio cha siku, unafungua kurasa mpaka macho yaume. Ukiwa na majina mengi ya kukagua nenda pale, usifanye kama mimi niliyekaa kitandani usiku wa manane nikiteketeza krediti kwa mtu mwingine kabisa mwenye jina lile lile. Majina Scotland ni machache bwana, wilaya moja unakuta watu sita jina moja ukoo mmoja, na Mac mmoja anaandikwa Mc, Mac, M', yote mtu huyo huyo. Kabla hujalipa punguza kwa umri, kwa wilaya, na kwa jina la mama.

Ukiupata ukurasa usisome jina la marehemu tu. Angalia kona ya aliyetoa taarifa. Wa kwetu taarifa ilitolewa na mkwewe, mume wa binti, na mkwe huyo jina la mama wa mzee alilikosea. Si alikuwa mkwe tu, angejua wapi? Mimi mwenyewe nikiulizwa leo jina la ukoo la bibi wa mume wangu ntatafuta pa kujificha. Kwa hiyo mtoa taarifa akiwa mtoto au mke unaamini zaidi, akiwa jirani au mkwe unaweka alama ya kuuliza.

Kama alifia nje msiogope. Kwenye saiti hiyo hiyo kuna rejista ndogo ndogo za jeshi, vizazi na ndoa na vifo vya Waskoti kwenye kambi za nje kuanzia 1881, na rejista za waliokufa vita vya Afrika Kusini 1899 hadi 1902 na vita vikuu viwili.

Hatua ya 4: Sensa

Sensa zipo kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Usishangae babu kukosekana, afisa mara nyingi alikuwa nje. Mtafute mkewe na watoto. Wa kwetu sensa ya 1871 hayumo, ila yumo mkewe na watoto watatu, na kwenye safu ya pa kuzaliwa mtoto mkubwa kaandikwa "East Indies", hapo nikajua ile bahasha tupu haikuwa ya kuokota. Ubatizo wa watoto hao wa India unaupata tena kwenye kumbukumbu za India Office, zimegawanywa Bengal, Madras na Bombay, na orodha yake nyingine inatafutika bure kwenye saiti ya FamilySearch.

Hatua ya 5: Orodha ya Jeshi na Gazeti, hapa ndo utamu

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeskani zile Orodha za Jeshi za kila mwaka, miaka na miaka, na ni bure, unafungua hata kwa simu. Kuna ya serikali na kuna ya mtu binafsi anaitwa Hart aliyeanza kuchapisha yake 1839, na kama afisa wako yumo miaka ya kati ya karne ya kumi na tisa anza na ya Hart, maana chini ya ukurasa anaweka maelezo ya vita alivyopigana kila afisa, alijeruhiwa wapi, medali gani. Chukua mwaka mmoja, mkute, rudi nyuma mwaka mmoja mmoja mpaka asipoonekana, halafu songa mbele hivyo hivyo. Andika kwenye daftari: mwaka, cheo, kikosi, tarehe ya cheo. Inachosha, lakini ukimaliza una uti wa mgongo wa maisha yake ya kazi, na mengine yote unayaning'iniza hapo.

Zile tarehe za vyeo ndo unazipeleka kwenye London Gazette, gazeti la serikali linalotoka tangu 1665, nalo bure mtandaoni. Kila afisa akipewa cheo, akihama, akijiuzulu, iliandikwa humo. Tatizo mashine iliyosoma kurasa za zamani inasoma kama mtu asiye na miwani, jina linaharibika, kwa hiyo tafuta kwa tarehe na kikosi badala ya jina. Utakuta sentensi fupi kavu, fulani awe kapteni "by purchase", maana yake kanunua, "vice" fulani, maana yake kachukua nafasi ya huyo. Ikiandikwa "without purchase" kapewa bure, mara nyingi kwa sababu aliyekuwa na nafasi hiyo kafa. Kwenye vita vya India vya 1857 utaziona nyingi hizo, na ukizisoma polepole unaelewa nani alikufa na nani akapanda.

Sasa lile suala la ukanali. Orodha ya Jeshi kila mwaka inasema mzee wetu ni meja. Meja, meja, meja, kisha hayumo. Nikamwambia mama mkwe kwa upole kwamba hakuwa kanali, akanyamaza, akainuka kwenda kuchemsha chai, na ukimwona Mskoti anachemsha chai bila kukuuliza kama unataka jua umemkwaza. Wiki mbili baadaye nikaipata Gazeti ya siku aliyostaafu: anaondoka jeshini akiwa na cheo cha heshima cha luteni kanali. Ulikuwa utaratibu wa kawaida, afisa akistaafu anapandishwa ngazi moja kwa heshima bila mshahara wake. Na luteni kanali kwa mdomo anaitwa kanali tu. Familia walikuwa sahihi na Orodha ilikuwa sahihi. Ndo maana nikasema usifute hadithi.

Hatua ya 6: Fuata hela

Bei rasmi ya cheo cha chini kabisa cha afisa wa miguu ilikuwa pauni 450, luteni 700, kapteni 1,800, meja 3,200, luteni kanali 4,500, unalipa tofauti kila unapopanda. Mshahara wa yule wa chini ulikuwa shilingi 5 na peni 3 kwa siku, piga hesabu, ni karibu miaka mitano ya mshahara kununua kazi yenyewe. Sasa jiulize nani alilipa? Ukijibu hilo swali umepata ukoo wake.

Maombi ya kununua vyeo yapo Kew, London, kwenye makumbusho ya nyaraka ya taifa, fungu WO 31 (WO ni War Office, wizara ya vita), kuanzia 1793 hadi 1870, yamepangwa kwa tarehe za vyeo, ndo maana nilikutuma kwenye Gazeti kwanza. Ndani unaweza kukuta barua ya baba, ya mjomba, ya lodi fulani wa jirani anasema namfahamu huyu kijana. Mafungu ya WO 25 na WO 76 yana taarifa za utumishi, nyingine zina alipozaliwa, alipooa na watoto. WO 42 ni karatasi walizoleta wajane kudai pensheni, vyeti vya ndoa na ubatizo vimeambatanishwa humo, mimi naliona ndo fungu lenye machozi zaidi. Kwenda Kew unahitaji kadi ya msomaji, beba vitambulisho viwili, agiza mafaili kabla ya kufika, na kupiga picha kwa simu yako ni bure.

Kwa wa vita vya kwanza vya dunia, faili kuu za maafisa ziliungua kwa mabomu 1940, zilizobaki ni za barua na mawasiliano, WO 339 na WO 374. Usidharau, humo ndo unakuta ripoti za madaktari na baba anagombana na wizara kuhusu sanduku la marehemu mwanawe. Waliotumikia baada ya mwanzo wa miaka ya 1920 mafaili yao yalikuwa Wizara ya Ulinzi, sasa yanahamishiwa Kew kidogo kidogo.

Halafu rudi Scotland kwenye mirathi. Wosia na hesabu za marehemu kuanzia 1514 hadi 1925 ziko ScotlandsPeople. Lakini sikiliza: mpaka 1868 ardhi Scotland haikuwa ikigawiwa kwa wosia, ilimwangukia mtoto wa kiume wa kwanza, ndo maana wadogo zake wakapelekwa jeshini na makoloni. Usipoona shamba kwenye wosia usiseme walikuwa maskini. Ardhi tafuta kwenye rekodi za kutambua warithi, na kwenye rejista ya ardhi inayoitwa Sasines, imeanza 1617. Mzee wetu hakuwa na shamba, kaka yake ndo alikuwa nalo, na kaka ndo aliyelipa zile 450.

Hatua ya 7: Kanisani na kwenye majina

Kabla ya 1855 unabaki na vitabu vya parokia vya Kanisa la Scotland, vya zamani kabisa ni 1553. Vinaandika ubatizo zaidi kuliko kuzaliwa, na watu kibao hawamo, hasa familia za wenye mashamba ambazo nyingi zilikuwa za Episkopali, na baada ya kanisa kupasuka 1843 wengi walihamia Free Church. Mabaraza ya wazee wa kanisa yaliandika mihutasari pia, kurasa zake ziko bure ScotlandsPeople, na kama babu alizaliwa nje ya ndoa hapo ndo utamkuta baba yake anahojiwa mbele ya wazee. Na baba akiwa mchungaji una bahati, kuna vitabu vinaitwa Fasti vinavyoorodhesha wachungaji wa Kanisa la Scotland tangu Mageuzi ya Kiprotestanti, wengi na wake na watoto wao.

Ukikwama angalia majina ya watoto. Waskoti wa zamani mtoto wa kiume wa kwanza ni somo wa babu mzaa baba, wa pili ni somo wa babu mzaa mama, wa tatu somo wa baba mwenyewe. Binti wa kwanza somo wa bibi mzaa mama, wa pili wa bibi mzaa baba. Rafiki yangu Mkikuyu niliyemwonyesha alicheka, akasema hawa ni wa kwetu, maana wao wavulana wawili wa kwanza ni hivyo hivyo, ila mabinti nao wanaanzia upande wa baba. Si sheria, ila yule mkwe aliyekosea jina, nilimkamata kwa hili: binti wa pili wa mzee alikuwa na jina la bibi mzaa baba, jina na ukoo wake wote kama jina la kati.

Hatua ya 8: Makumbusho ya kikosi

Ukiwa na tarehe zako ndo uandike kwao. Seaforth na Cameron wako Fort George karibu na Inverness, Gordon wana nyumba yao Aberdeen, Black Watch wako Balhousie Castle mjini Perth, Argyll wako ngome ya Stirling. Waandikie jina kamili, kikosi, miaka, na swali moja tu. Ukiwauliza "naomba kila kitu kuhusu babu yangu" utasubiri mpaka kiama. Na yule anayekuuzia ngao ya ukoo kwenye duka la watalii mpite, Scotland ngao ni ya mtu mmoja aliyeandikishwa kwa Lord Lyon, msimamizi rasmi wa ngao, rejista ipo tangu 1672, si ya kila mwenye jina hilo.

Kama afisa wako alikuwa huku kwetu

Kuna wanaotafuta kinyume chake, wako Nairobi, Kampala au Dar, na wanaambiwa babu alikuwa Mskoti wa KAR. King's African Rifles iliundwa 1902, na maafisa wake waliazimwa kutoka vikosi vya Uingereza, vya Scotland vikiwemo, kwa muda wa miaka michache. Kwa hiyo mtafute kwenye Orodha ya Jeshi mara mbili, kwenye KAR na kwenye kikosi chake cha nyumbani. Gazeti la serikali la Kenya la zamani limeskaniwa, uteuzi na likizo zimo. Kama alikufa vitani tafuta bure kwenye tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, mara nyingi kuna majina ya wazazi na mji wao, na makaburi yenyewe yapo Taveta, Voi, Moshi, Dar, na kwetu Tanga pia.

Kama mtoto hakuandikwa popote, hakuna karatasi itakayokusaidia peke yake, pima DNA. Umpime mzee aliye hai wa juu kabisa, si wewe: mjukuu ana kama asilimia 25 ya huyo babu, kitukuu 12.5, na inazidi kukatika nusu kila kizazi. Akiwa ni mwanaume kwa mwanaume mpaka kwake, kipimo cha Y kinaweza kukutupa kwenye jina la ukoo lenyewe. Jina ukilipata, rudi hatua ya 3, na safari hii nunua krediti 30 tu kwanza.